Shoro Hupita Kwako Kwanza

27 Agosti

Mama Kidoti,

Ukiuona mwandiko huu usishtuke. Ni mimi, siumwi wala sijafungwa. Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama sana kwenye ile mashine ya pasi? Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia linalonikumbusha kila ngazi niliyopanda maishani. Ni aibu kwa fundi wa lifti, mtu anayelipwa ili wenzake wasipande ngazi.

Ni mwaka na miezi minne tangu niondoke, na sijakuandikia hata mstari. Simu nilijaribu mara tatu. Nabonyeza namba zote, nikifika ya mwisho kidole kinagoma. Najua nikisikia sauti yako nitangojea ile nyingine iliyokuwa ikidakia nyuma yako, nayo haitakuja. Basi nimenunua karatasi.

Sababu ya kuandika ni hii. Jengo ninalofanyia kazi lina orofa kumi na mbili, na mitambo ya lifti iko juu ya paa, ndani ya kichumba cha bati. Leo asubuhi nilipanda kutia grisi. Nje ya mlango wake kuna vichaka kwenye mapipa. Mpangaji mmoja alivipanda, akahama, akaviacha. Nikaona majani yanatikisika na upepo hakuna. Nikasimama. Akachomoza shoro mmoja, halafu wa pili, halafu kichaka kizima kikawa kinatembea.

Ni wao, Mama Kidoti. Ndege walewale wadogo, uzito wa barua hii bila bahasha, rangi ya jani linaloanza kuchoka. Mwaka jana walipopita nilifunga pazia wiki tatu nisiwaone. Mwaka huu wamenikuta kazini, na paa halina pazia.

Nilihesabu kumi na mmoja. Wawili walikuwa wa ile aina ambayo binti yetu aliiita Bi Nyusi, mwenye mstari mweupe juu ya jicho kama mtu aliyejichora akiwa na haraka. Nilijikuta nageuka kumwonyesha. Tangu tumzike ni miaka miwili sasa, na bado shingo yangu haijui.

Wanaelekea kusini, yaani kwako. Wakila vizuri na upepo ukiwasukuma, watakuwa huko siku ya tano au ya sita. Barua nayo huchukua hivyohivyo. Sijui nani atatangulia. Nilitaka tu ujue wako njiani, wasije wakakukuta kama walivyonikuta mimi.

Wako,
Baba Kidoti


3 Septemba

Baba Kidoti,

Barua imefika Jumatatu, ndege Jumanne. Posta imewashinda kwa siku moja, jambo ambalo nadhani halijawahi kutokea tangu posta ianzishwe.

Nimefurahi kujua u mzima. Goti hilo lipake dawa, usilifanyie utani tu. Mgongo wangu ni uleule. Daktari ananiambia nisiinue vitu vizito, na daktari huyohuyo ndiye anayetuletea mashuka ya wodi nzima kwa mkupuo mmoja.

Pole kwa msiba wa mama yako. Nilikuja mazishini mwezi wa nne, sijui kama walikuambia. Nilikaa nyuma. Wifi alinipa mkono huku anatazama pembeni. Niliambiwa ulifika siku mbili baadaye, kaburi limeshafunikwa. Sikuuliza kwa nini. Nilijua kwa nini.

Sasa nikupe habari za wageni. Nyuma ya chumba chetu cha kufulia kuna mti mmoja wenye majani membamba, na kati ya mti na mlango ndipo tunapoanika. Nilikuwa naning'iniza mashuka nikasikia ile sauti yao, kama mtu anayegonganisha vijiwe viwili vidogo kwa siri. Nikapenyeza kichwa kati ya shuka na shuka. Walikuwa saba, wanapekua kila jani kama askari wa mpakani. Mmoja alikuwa Kizibao, yule wa kifua cha njano. Msimamizi akaniuliza, "Mama, unachungulia nini humo?" Nikamwambia, "Wageni." Akatazama, hakuona kitu, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani nikalitoa daftari la mtoto wetu kabatini. Sikuwa nimelifungua. Ukurasa wa kwanza kaandika: "Kijani mmoja. Hakuniogopa. Baba anasema ni mtoto wa mwaka huu, ndiyo safari yake ya kwanza, na hakuna anayemwonyesha njia. Nimemwonea huruma lakini yeye hajali." Herufi zimelala upande, unazijua.

Nililia, lakini si kilio kibaya. Niandikie tena. Nyumba hii ina sauti ya friji tu.

Mimi,
Mama Kidoti


9 Septemba

Mama Kidoti,

Salamu kutoka orofa ya kumi na mbili. Nimepona goti, au limenizoea. Mgongo wako nauombea mashuka mepesi.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya mtambo, nikacheka peke yangu hapo kwenye askari wa mpakani. Jana walikuwa ishirini na watatu, wengi vijana, manyoya yamefanana mpaka nimeshindwa kuwatofautisha. Yeye angeweza. Ninukulie mistari zaidi ya daftari, hata miwili kwa kila barua, nitaridhika.

Kuna jambo wewe na mimi hatujawahi kulisema, nami nimechoka kulibeba kimya. Ngoja niliandike. Nilimwahidi kwamba Jumamosi tutakwenda bwawani kuona shoro. Ijumaa lifti ya hospitali ikanasa, nikafanya zamu mbili mfululizo, nikarudi asubuhi inakaribia, nikajitupa kitandani na nguo za kazi. Mtoto akanisubiri, akachoka kusubiri, akatoka peke yake. Wewe ulikuwa umelala, kama ulivyowaambia polisi, na mimi nimelala. Akateleza kwenye mawe ya pale maji yanapomwagikia. Lakini ahadi haikuwa yako. Ilikuwa yangu.

Mama aliniambia hivyo kabla hajazidiwa. Alinipigia, akasema, "Mwanangu, mtoto kaenda kwenye maji baba yake anakoroma." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejitetea. Ndiyo maana sikwenda kumwuguza. Ningekaaje mbele ya macho yale?

Tangu siku ile silali kitandani, nalala kitini, viatu miguuni. Watu wa hapa wanadhani nina bidii, kila siku mimi ndiye wa kwanza kazini.

Tarehe nne Oktoba nina likizo ya siku tatu. Nataka kuja na treni ya asubuhi. Twende kaburini sote wawili, kisha nikuombe msamaha uso kwa uso, maana sikuwahi. Niliondoka kama mwizi. Kama utanipokea, niandikie neno moja tu.

Baba Kidoti


16 Septemba

Baba Kidoti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Usikate tiketi kabla hujaimaliza.

Sikuwa nimelala.

Nilikuwa jikoni, chai iko motoni. Alikuja amevaa sweta yake ya kijivu, darubini shingoni, daftari kwapani. Akasema, "Namwamsha baba." Nikamwambia, "Usimwamshe. Amefanya kazi tangu jana, mwache."

"Lakini aliahidi."

"Atakufuata. Wewe tangulia, kaa upande wa ukuta, usishuke kwenye mawe. Nitamwamsha baada ya nusu saa."

Akaniuliza, "Nusu saa ya kweli au ya watu wazima?"

Nikacheka. Nikamwambia ya kweli.

Nusu saa ilipofika nilikuja chumbani. Ulikuwa umelala na kiatu kimoja mguuni, mkono unaning'inia, grisi mpaka kwenye kope. Nikakuonea huruma. Nikakuvua kiatu, nikakufunika. Nikajiambia, robo saa zaidi. Nikarudi jikoni nikanywa chai. Nyumba ilikuwa kimya, baba amelala, mtoto yuko na ndege wake, na mimi sina wa kunituma. Niliufurahia ule ukimya. Hilo ndilo sijaweza kumwambia mtu yeyote, wala sala haijalipokea. Niliufurahia, Baba Kidoti, na sikukuamsha. Aliyekuamsha ni mlinzi wa bwawa alipogonga mlango.

Polisi alipouliza nani alimwona mwisho, mdomo wangu ukasema, "Tulikuwa tumelala." Nilidhani nitasahihisha kesho yake. Kesho yake nilikukuta umekaa sakafuni unarudia, "Niliahidi, nikalala, niliahidi, nikalala," na ndugu zako wamekuzunguka wanatikisa vichwa. Nikanyamaza. Siku ya tatu ikawa ngumu kuliko ya pili. Baada ya mwezi nilikuwa natandika kitanda juu ya uongo na kupika juu ya uongo, mpaka nikauzoea kama mtu anavyozoea kizingiti cha mlango, anaruka bila kutazama.

Siku uliyofunga begi nilisimama mlangoni na maneno yote mdomoni. Unakumbuka nilichokwambia? Nilikwambia, "Umesahau chaja."

Sasa unataka kuja kuniomba mimi msamaha. Singeweza kukuacha upande treni kwa ajili hiyo.

Sikuombi kitu. Mstari wa daftari ulioutaka ni huu: "Kizibao watatu. Baba alikuja amechelewa lakini alikuja."

Mama Kidoti


5 Oktoba

Baba Kidoti,

U hali gani? Sijui kama barua yangu ilikufikia.

Jana ilikuwa tarehe nne. Nilijua hutakuja, hata hivyo nilikwenda stesheni. Nilingoja treni ya asubuhi, nikangoja na ya mchana. Mama mmoja muuza magazeti akanipa kigoda, akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia baba wa mtoto wangu. Akasema, "Wanaume na saa, dada." Nikamwachia aamini hivyo, kisha nikaona haya, nikarudi nikamwambia, "Hapana. Kosa si lake." Alinitazama kama mwendawazimu.

Nilikwenda kaburini peke yangu. Nimepalilia kote.

Mama Kidoti


12 Oktoba

Mama Kidoti,

Salamu utanisamehe, leo sinazo.

Barua ilifika. Niliisoma nikairudia mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Tarehe nne nilikuwa stesheni ya huku, tiketi mfukoni. Niliiona treni inaingia, nikaiona inaondoka. Sikuwa nimeamua kitu. Miguu tu ilikataa.

Nimejaribu kukukasirikia kwa asubuhi ile, nimeshindwa. Mara ngapi mimi mwenyewe nilimruhusu atangulie? Mara ngapi nilimwambia nusu saa ikawa saa nzima? Ungeniamsha, pengine ningesema "naam" nikalala tena. Kumhurumia mtu aliyechoka si kosa. Nilipoamka nikajikuta sina viatu, nilidhani nilivua mwenyewe.

Ninalokukasirikia ni zile siku zilizofuata. Siku mia saba na ushee. Ulikuwa unanipa chai asubuhi, unaniona mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno, na ulikuwa na neno moja la kuizuia, ukalimeza. Ulinitazama nikiwa nazama, Mama Kidoti. Kamba ilikuwa mkononi mwako.

Na mama yangu. Mama yangu amekufa akijua kwamba alizaa mzembe. Sikumshika mkono, sikumlisha uji, sikubeba jeneza lake. Ningeyafanya yote hayo kama ningejua kwamba naweza kumtazama. Hili huwezi kunirudishia hata ukiandika mpaka wino uishe madukani.

Nataka kitu kimoja. Nenda kwa dada. Usimpigie simu, nenda na miguu yako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, na ile nusu saa, na ile chai, na polisi. Usipunguze chumvi wala usiongeze.

Ndege sijawatazama wiki hizi. Sijui kama wapo.

Baba Kidoti


25 Oktoba

Baba Kidoti,

Shikamoo ya mkosaji haina maana, lakini natumaini unapata usingizi.

Nimekwenda. Wifi nilimkuta chumba cha mbele anashona mapazia ya shule, kitambaa kimejaa sakafuni mpaka ikabidi nisimame mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Umepotea njia?"

Nikamwambia, "Wifi, nimetumwa na mdogo wako nije nikwambie jambo."

"Sema. Kazi ninayo."

Nikaanza. Cherehani ikaendelea. Nikasema jikoni, nikasema nusu saa, nikasema kiatu, mguu wake unakanyaga tu. Nilipofika kwa polisi, mguu ukasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. Akanionyesha mlango wa chumba cha nyuma. "Mama alilala humo miezi mitano," akasema. "Gari likisimama nje anauliza, 'Ni yeye?' Kila siku. Nami namjibu, 'Mama, mtu kama yule unamtakia nini?' Ni mimi niliyesema hivyo. Alitaka niwapigie nyinyi wote wawili, nikamwambia namba imepotea."

Baba Kidoti, nimefikiri siku tatu kama nikuandikie maneno hayo au niyafiche. Kuficha nimekoma. Mama yako alikuwa anakungoja. Lile la kukoroma alilisema mara moja kwa uchungu, lakini mpaka mwisho alikuwa anauliza kama ni gari lako.

Nikamwambia wifi, "Nitukane, nipo." Akatikisa kichwa. "Matusi yangu yote nilishayamaliza kwa asiyehusika." Kisha akakusanya mapazia kwenye kiti kimoja, akasema, "Kaa." Tukakaa. Jioni ilipoingia alinisindikiza mpaka kwenye lango, akasema, "Siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Ila umekuja." Anaomba umpigie wewe. Yeye anaona aibu kuanza.

Nilikwenda kwa polisi pia. Askari akatafuta jalada, akasema limeshafungwa, halina faida. Nikamwambia aandike hivyohivyo. Akaandika mistari minne, nikatia sahihi.

Jumamosi nikaenda bwawani. Tangu ile siku sijawahi. Nilikaa upande wa ukuta mpaka jua likapanda. Niliona shoro mmoja tu, amechelewa, mdogo, wenzake wote wameshapita. Alikula, akanywa, akainuka akaenda. Kwenye daftari nimeandika tarehe na moja. Sikujua aina yake.

Mama Kidoti


14 Novemba

Mama Kidoti,

Hujambo? Natumaini baridi haijaanza kukung'ata mgongo. Mimi mzima wa mwili.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sijui ni nani anayejibu. Nilimpigia dada. Tulilia mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye tukalia na lake. Mwishowe akaniuliza nakula nini huku, nikajua ni dada yangu amerudi. Mwezi wa kumi na mbili nitakwenda kwake, anipeleke kwa mama. Sitapitia kwako.

Ulifanya vizuri kuniandikia kwamba alikuwa anauliza. Siku nzima nilitamani usingeniandikia. Nilimfungia abiria kwenye lifti dakika arobaini kwa kusahau kurudisha swichi. Lakini ulifanya vizuri.

Nikueleze jambo moja. Hapa kazini hakuna anayejua habari zangu. Wananiita Fundi, basi. Wiki iliyopita mama wa mapokezi alinigawia chakula chake cha mchana, akaniuliza tu, kama watu wanavyouliza, "Fundi, una watoto?" Mwaka mzima na nusu nimejibu sina. Siku hiyo nikasema, "Ninaye mmoja, wa kike. Alikuwa na miaka kumi."

Aliweka kijiko chini. Nikadhani atauliza alikufaje, nikaanza kujikaza. Akauliza, "Alikuwaje?"

Basi nikamweleza. Nikamwambia tulimwita Kidoti kwa ajili ya ile alama shavuni, na kwamba aliwahi kuifuta kwa sabuni siku nzima baada ya mtoto wa jirani kumcheka. Nikamweleza alivyokuwa anakula yai, anaanza na kiini, kisha anakuja kukuuzia weupe wake. Alivyomwandikia barua mwalimu mkuu kupinga hesabu. Alivyoimba chooni. Nilieleza mpaka saa ya mchana ikaisha na chakula kikapoa, na yule mama alicheka mpaka akajifuta macho, nami nilikuwa nacheka. Nilipopanda juu nikakaa kwenye kile kichumba cha mitambo. Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba aliishi. Miaka yote miwili nilikuwa na ile asubuhi peke yake. Ile miaka kumi ilikuwa imekaa mahali, hakuna aliyeigusa.

Usiku ule nililala kitandani. Asubuhi nilichelewa kazini.

Sasa nikwambie la mwisho, nalo nimelifikiri sana. Sitarudi, Mama Kidoti. Usinisubiri stesheni. Sikuchukii, ningekuchukia ingekuwa rahisi. Lakini nikikaa nawe mezani nitakuwa natazama mdomo wako kila ukifunguka, nikijiuliza kuna nini kingine humo, na wewe utaniona nikitazama. Hayo si maisha ya kumpa mtu niliyempenda tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Usiniandikie mpaka nianze mimi. Pengine nitaanza. Pengine sitaanza. Daftari ni lako, uendelee nalo.

Dirisha la jikoni, lile la kushoto, komeo lake lilikuwa limelegea tangu nipo, nikawa nasema nitalitengeneza. Upepo wa mwezi huu utalifungua. Tafuta kipande cha mbao, kiasi cha kidole, kibane kwa chini, siyo kwa juu. Kwa juu kioo kitapasuka.

Baba Kidoti